Orodha ya Mwenzio Haiguswi

Fundi Mkubwa aliiona kasoro kabla hajamaliza kuisoma orodha ile, na jambo la kwanza lililomjia moyoni halikuwa hofu kwa ajili ya binti yake. Lilikuwa furaha.

Daftari lilikuwa wazi juu ya meza ya chakula, limekandamizwa kwa kikombe ili upepo wa feni usilifunge. Binti alikuwa bafuni, anaimba. Mwandiko ulikuwa wake, ila maneno yalikuwa ya baba yake mdogo. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa na tabia ya kusifu vyuma kama anayesifu fahali mnadani. Prosesa, toleo jipya kabisa: mnyama. Kadi ya grafiksi: mnyama mkubwa. Ramu, vipande viwili: wanyama pacha. Kasha la kioo, feni nne: mrembo huyu, usimguse kwa mikono michafu. Na katikati ya zizi hilo la wanyama palikuwa na mstari mmoja usio na mbwembwe: bodi, ya kawaida, inatosha.

Haikutosha. Fundi Mkubwa alikuwa ameziona bodi hizo hizo kwa muuzaji wa jumla, maboksi yake yamefifia rangi kwa kukaa rafuni. Prosesa mpya, ubongo wa mashine, ingeingia kwenye soketi yake kama mguu kwenye kiatu, hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomdanganya mwandishi wa orodha. Lakini ndani ya kila bodi, kile kibao kinachobeba vifaa vyote vingine, mna programu ndogo inayoiamsha kompyuta na kuvitambua vifaa vyake, na programu ya bodi zile iliandikwa kabla prosesa hiyo haijazaliwa. Ni kama bawabu aliyekabidhiwa majina ya wageni wa mwaka jana: mgeni wa mwaka huu atabisha hodi mpaka vidole vichubuke, na mlango hautafunguliwa. Feni zingezunguka, taa zingewaka, kioo cha kompyuta kingebaki giza.

Dawa yake ilikuwa ndogo. Ama binti achague bodi nyingine, ama bodi ile ipachikwe kwanza prosesa ya zamani, ilishwe programu mpya kwa flashi, kisha prosesa mpya irudishwe. Sentensi moja ya baba kwa mwanawe ingemaliza kila kitu. Bafuni wimbo ulikoma. Fundi Mkubwa akakirudisha kikombe mahali pake, mpini ukielekea upande ule ule ulioelekea mwanzo, akaenda kukaa barazani kama mtu asiyejua kusoma.

Mafundi wa jengo alimokuwa na kibanda chake walikuwa na kanuni yao. Vibanda vyao kumi na kimoja vilipangana katika ujia mmoja mwembamba, wakisikilizana pumzi, na kanuni hiyo waliipitisha baada ya kugombea wateja mpaka wawili wakashikana mashati: orodha ya mwenzio haiguswi. Mteja akija na karatasi ya vifaa aliyoandikiwa na fundi mwingine, humkosoi aliyeandika. Unauza ulichoulizwa, au unasema huna. Waliiita heshima ya kazi. Waliisema kwa sauti ya taratibu, kama watu wanaonukuu maandiko.

Na isemwe bila kuuma maneno: heshima hiyo ilikuwa njama. Watu kumi na mmoja walikaa wakakubaliana kulindana, na mtu wa kumi na mbili, yule mteja ambaye jasho lake ndilo linalowalisha wote, hakualikwa kwenye kikao. Yeye ndiye aliyekuwa akibeba nyumbani vifaa visivyopatana, akavirudisha akaambiwa amevifunga vibaya. Fundi anayenyamaza akiona kosa la fundi mwenzake hana tofauti na daktari anayemwona mwenzake akikata mguu usio na jeraha, akatazama dari. Adabu hupimwa kwa yule inayemlinda. Ikiwa inamlinda mkosaji peke yake, itafutiwe jina jingine.

Lakini Fundi Mkubwa, siku ile barazani, aliishukuru kanuni hiyo kama mtu aliyenyeshewa anavyoshukuru paa la kwanza analoliona.

Maana mwandishi wa orodha alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Mtaa ulimwita Taa, kwa sababu ya duka lake. Lilikuwa upande wa pili wa barabara, lenye mlango wa kioo na kompyuta za michezo zilizopangwa dirishani zikibadilisha rangi, buluu, zambarau, nyekundu, mchana kutwa. Miaka kumi iliyopita Taa hakujua bisibisi inashikwa upande gani. Fundi Mkubwa ndiye aliyemketisha kibandani kwake, akamfundisha kugusa chuma kabla ya kugusa bodi ili umeme wa mwilini usiiue, akamfundisha kusikiliza feni inayolalamika na kuipima pawa saplai, ile ya kugawa umeme, kwa mkono tu, kwa uzito wake. Taa akajifunza, akaondoka kwa kheri, akafungua duka. Hakumwibia kaka yake mteja hata mmoja. Hakumsema vibaya popote. Kila mgeni aliyeingia dukani kwake alimwambia, "Mimi nimefundishwa na kaka, yule pale." Ndipo palipouma zaidi. Adui anayekutukana unaweza kumjibu. Anayekusifu huku anakupita utamjibu nini?

Kwa hiyo Fundi Mkubwa, mtu wa miaka arobaini na minne, mwenye heshima zake, alikuwa ameanza kuhesabu. Akiwa ameinamia mashine ya kuchapa iliyotafuna karatasi ya ofisi fulani, jicho lake moja lilihesabu walioingia kwa Taa. Umeme wa mtaa ukikatika alihisi nafuu, ijapokuwa kibanda chake nacho kilikuwa gizani. Siku moja vijana wawili walisimama mbele ya meza yake, naye akaiweka chini bisibisi, akajifuta mikono, akatabasamu.

"Shikamoo mzee. Samahani, duka la Taa ni lipi?"

Aliwaonyesha kwa kidevu. Mkono ulikataa kunyanyuka.

Hayo yote aliyameza. Lakini binti yake, Rubani! Jina hilo alimpa yeye mwenyewe, binti alipokuwa na miaka kumi na miwili, siku alipomkuta kibandani akirusha ndege ya mchezo kwenye kompyuta ya mteja iliyokuwa ikingoja kufunguliwa, ameibana pumzi, anaitua juu ya uwanja wenye mvua. Sasa alikuwa na miaka ishirini na miwili, karani wa mapokezi katika kliniki ya meno. Alikuwa amejinyima mwaka mzima na miezi miwili ili ajijengee mashine yake mwenyewe ya kurushia ndege hizo. Na baba yake, fundi wa miaka kumi na minane, habari hizo alizisoma daftarini kama mpita njia.

Jioni hiyo alimfuata mkewe jikoni.

"Mama Rubani, umeona mwanao anakopeleka akiba yake?"

"Nimeona. Kwa baba yake mdogo." Mkewe alikuwa anamenya vitunguu na hakunyanyua kichwa. "Ulitaka aipeleke kwa jirani?"

"Ana baba fundi ndani ya nyumba hii hii."

"Huyo baba fundi alifuatwa mwaka jana. Nilikuwa nimekaa hapa hapa. Ulimjibuje?"

"Nilimwambia kompyuta ni ya kazi."

"Hebu usijipunguzie, bwana. Ulimwambia michezo ni ya vijana wa kiume wasio na ajira, na kwamba msichana mwenye akili angenunua cherehani." Kisu kiligonga ubao. "Shemeji alimwuliza anarusha ndege gani. Basi. Swali moja tu. Mtoto akakaa huko mpaka duka likafungwa."

"Sasa mimi nimekosa nini?"

"Mimi namenya vitunguu, Baba Rubani. Nikikujibu nitakata kidole."

Siku ya tatu binti mwenyewe alimpa nafasi ambayo hakustahili. Alikuwa mlangoni, amevaa sare ya kliniki, daftari kwapani.

"Baba, kabla sijanunua. Hii bodi aliyonipangia baba mdogo unaionaje?"

Swali lilikuwa limewekwa mkononi mwake kama ufunguo. Angalikuwa mtu aliyelala vizuri usiku ule, huenda angaligeuza kitasa. Lakini alilolisikia yeye ni maneno mawili tu, baba mdogo, na moyo ukajifunga kama konokono aliyemwagiwa chumvi.

"Mwulize aliyeiandika."

"Si nakuuliza wewe."

"Orodha ya mwenzio haiguswi, mwanangu. Hiyo ndiyo kanuni yetu."

Rubani alicheka. "Nyinyi mafundi mna mambo! Haya, kwaheri baba." Akaenda, akanunua bodi.

Kazi ya kujenga mashine ilipangwa Jumamosi ya wiki ya tatu, baada ya chakula cha mchana, sebuleni. Asubuhi yake Fundi Mkubwa alikwenda kibandani, akafungua mtoto wa meza, akachambua vyuma vya miaka mingi mpaka akaipata prosesa ya zamani ya soketi ile. Akaifuta kwa pamba, akaifunga katika mfuko wake wa kinga, akaitia kwenye mfuko wa shati. Kisha akapakua programu mpya ya bodi, akaiweka kwenye flashi, akaitia pembeni yake. Njiani kurudi nyumbani alifanya mazoezi ya sentensi atakayoitamka mambo yakishaharibika: "Hebu nipisheni kidogo." Aliijaribu kwa upole, akaijaribu kwa uchovu. Akachagua ya uchovu.

Mtu anayejua kuwa nyumba itaungua, akatayarisha ndoo yake ya maji badala ya kupiga kelele, si mzimamoto. Mtaani kwetu na kwenu wapo wengi wa namna hiyo, tena hupigiwa makofi.

Sebule ilikuwa imegeuzwa karakana. Zulia limekunjwa, meza imetandikwa shuka, maboksi yamepangwa ukutani kwa ukubwa. Rubani ndiye aliyekuwa akifunga skrubu. Taa alichuchumaa pembeni yake, mikono nyuma, akiogopa kusaidia kupita kiasi.

"Taratibu hapo. Prosesa haisukumwi, inalazwa tu, kama mtoto mchanga. Umeona pembe yenye alama? Ipatane na alama ya soketi. Haya! Pesti ya kupitishia joto sasa, kidogo, punje ya mchele. Usipake kama siagi!"

"Baba mdogo, nimeona video ishirini."

"Video hazinuki pesti. Kaka! Karibu hapa utoe baraka zako."

"Endeleeni tu," alisema Fundi Mkubwa kutoka kiti cha mbali, nyuma ya gazeti ambalo kurasa zake hazikugeuzwa. Mfukoni prosesa ilimgusa kifua kila alipovuta pumzi.

Saa tisa na nusu Rubani alikibonyeza kitufe. Feni nne zikazunguka. Kasha likawaka buluu, chumba chote kikawa chini ya maji. Mama Rubani akapiga kigelegele kifupi. Wakageukia kioo, wakangoja. Kioo kilikuwa cheusi kama sufuria.

"Waya," alisema Taa. Wakabadilisha waya. "Ramu." Wakazitoa, wakazirudisha. "Kadi haijakaa." Wakaitoa kadi, wakaipuliza, wakaikandamiza mpaka ikalia. Kila mara feni zilizunguka, kila mara kioo kiliwatazama bila neno. Nusu saa ilipita. Jasho lilikuwa limelilowesha shati la Taa mgongoni, na Fundi Mkubwa aliutazama mgongo ule kwa utamu ambao angeona haya kuukiri mbele ya Mungu.

"Shemeji," alisema Mama Rubani, "huyu mnyama wako mbona halii?"

Taa alikuwa amelishika boksi la bodi, analigeuza upande huu na huu, anatafuta kibandiko. Kisha akaliweka chini polepole, akashika kichwa.

Ilikuwa dakika yenyewe. Fundi Mkubwa alikunja gazeti, akafungua kinywa. Lakini Taa alimtangulia.

"Nimekosea," alisema. "Rubani, nisamehe, kosa ni langu. Nilitazama soketi tu, sikutazama bodi imetengenezwa lini. Haiijui prosesa hii. Vifaa vyako ni vizima, usiogope, hakuna kilichoungua. Tunahitaji prosesa ya zamani kuiamsha, na dukani kwangu sina hata moja, zote mpya. Jumatatu nitazunguka mji mzima mpaka niipate. Aibu ni yangu, wewe tulia."

Rubani alivuta pumzi. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, lakini alitikisa kichwa, akamgusa baba yake mdogo begani. "Jumatatu si mbali, baba mdogo. Nimengoja mwaka."

Hivyo tu. Aibu aliyoingojea kwa wiki tatu ilikuja, ikavuliwa viatu, ikakaribishwa ndani, ikasamehewa. Haikudumu hata muda wa kunywa maji. Fundi Mkubwa alijikuta amesimama, na sentensi aliyoifanyia mazoezi ikamtoka bila uchovu wowote, kwa pupa:

"Hebu nipisheni kidogo."

Akatia mkono mfukoni, akatoa prosesa. Akatoa na flashi.

Taa aliruka. "Kaka! Kaka jamani! Si nilisema mimi? Mwalimu ni mwalimu!" Akamkumbatia kwa mikono miwili, na jasho lake likahamia kwenye shati la nduguye. Hakuwa na shaka yoyote. Hakuwa na nafasi ya shaka ndani ya furaha ile. Mama Rubani alipiga makofi mara mbili, kisha makofi yakapungua, akawa anamtazama binti yake.

Rubani alikuwa akiutazama mfuko wa shati.

"Baba," alisema, "kwani huwa unatembea na prosesa mfukoni?"

Akainyooshea kidole flashi.

"Na flashi? Yenye programu ya bodi hii hii?"

"Fundi huwa... fundi hujiandaa."

"Ulijua."

"Kanuni yetu, mwanangu, nilikwambia mlangoni. Orodha ya mwenzio..."

"Mimi ni mteja wako?"

Feni za kasha zilikuwa zikizunguka bado. Taa alimwachia kaka yake, akarudi nyuma hatua moja, na uso wake ukaanza kuelewa kwa zamu, macho kwanza, mdomo baadaye.

"Ungenipigia simu tu, kaka," alisema kwa sauti ndogo. "Nimewahi kukukatalia neno lako?"

Hapo Fundi Mkubwa alikuwa na milango mingi ya kutokea. Angeweza kukasirika, baba akikasirika nyumba hunyamaza, na ukimya huo wengi huuhesabu kuwa ni haki. Angeweza kusema nilitaka kuwafundisha. Angeweza kuilaumu kanuni, na kanuni kweli ilistahili lawama; lakini kanuni haikufungua mtoto wa meza asubuhi ile. Aliitazama mikono yake.

"Nilitaka uaibike," alimwambia mdogo wake. "Mbele ya mtoto. Nilikuwa nakuonea wivu, tangu zamani. Nilitaka aone kwamba alikosea kukuchagua." Kisha akamgeukia Rubani, na hilo lilikuwa gumu zaidi. "Niliona siku ya kwanza. Uliponiuliza nilikuwa najua tayari."

Rubani hakusema amesamehe. Alipisha njia mezani. "Fanya," alisema.

Akafanya. Aliitoa prosesa mpya, akailaza ya zamani, akawasha. Kioo kikaamka. Alichomeka flashi, mstari mweupe ukaanza kutambaa kutoka kushoto kwenda kulia, na watu wanne wakausimamia kama wanaomwangalia mgonjwa, maana umeme ukikatika katikati bodi hufa papo hapo. Kwa mara ya kwanza katika muda mrefu Fundi Mkubwa aliuombea umeme wa mtaa mzima, pamoja na dirisha la upande wa pili wa barabara. Mstari ukafika. Prosesa mpya ikarudishwa. Safari hii mashine ilipowashwa kioo kiliitaja prosesa hiyo kwa jina lake kamili.

Mama Rubani alishusha pumzi. Rubani hakushangilia. Alichana kifuniko cha boksi, akachukua kalamu, akakaa sakafuni mbele ya baba yake kama anavyokaa na wagonjwa wa kliniki, kuwajazia fomu.

"Kuna kingine ulichokiona ukakinyamazia?"

Hakuna ambaye angejua. Angesema hapana, na shujaa wa saa ile angebaki na robo ya ushujaa wake.

"Pawa saplai," alisema. "Leo itabeba, ila inabeba ikiwa imejikaza. Mchezo ukiwa mzito, mashine itakuzimikia angani. Ibadilishwe mapema."

Taa alitikisa kichwa kukubali. "Kweli. Hapo nilibana bei."

"Na ramu mmezipachika nafasi zilizogusana. Zikae ya pili na ya nne, zitakwenda kasi zaidi."

Rubani aliandika. "Kingine?"

"Basi. Hakuna."

"Na kizuri je? Baba mdogo alichagua nini vizuri?"

Kasoro alikuwa amezihifadhi kwa mpangilio wiki tatu nzima, kila moja na droo yake. Mazuri hakuyatafutia hata pembe. Aliinamia mashine, akaweka kiganja mbele ya feni za mbele, kisha nyuma.

"Kasha," alisema hatimaye. "Mimi ningekununulia lile la bati, lililofungwa pande zote. Kwa kadi hii, lingeipika kabla ya mwaka. Hapa hewa inaingia baridi mbele, inapita juu ya kadi, inatoka nyuma. Haikupangwa kwa urembo." Akakiondoa kiganja. "Mimi nisingeliwaza hilo. Hapo amenizidi."

Taa aligeukia ukutani, akaanza kuokota skrubu ambazo hazikuwa zimeanguka.

Kalamu ya Rubani ilisimama juu ya kadibodi.

"Rudia la mwisho, baba. Sijalipata lote."

Alikuwa amelipata. Fundi Mkubwa akarudia.